Ganzi Kabla ya Kuvuka

28 Machi

Daraja limeenda. Limeenda mchana kweupe, watu wakitazama. Mto ulileta mti mzima na mizizi yake, ukagonga nguzo ya kati mara mbili, mara ya tatu nguzo ikapiga magoti. Mimi nilikuwa zamu wodini, nimesimuliwa tu.

Mume wangu alikuwa ameshavuka jana. Yeye ni dereva wa ambulensi katika hospitali kubwa ya ng'ambo, mimi ni nesi wa usingizi, yaani wa kulaza wagonjwa wa upasuaji, katika hospitali yetu ndogo ya upande huu. Jumamosi anakuja, Jumatatu alfajiri anaondoka. Ndoa yetu tumeila vipande vipande, kama mgonjwa wa kisukari anavyopimiwa mkate. Sasa hata kipande hakipo.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye tangu mguu uanze kumsumbua, ameuliza jambo moja tu: "Sasa mwanangu atakula wapi Jumamosi?"

Na mimi je, nitakula na nani?

29 Machi

Mvua. Simu haishiki.

2 Aprili

Mvua. Simu imeshika kwa muda wa "haloo, unanisikia?" Nilimsikia. Yeye hakunisikia. Nikabaki naitikia peke yangu jikoni kama mwehu, mama mkwe ananitazama kupitia mvuke wa sufuria.

"Amesemaje?"

"Amesema haloo."

"Haloo tu?"

5 Aprili

Watu wa barabara wametandaza waya mnene wa chuma kutoka ukingo huu hadi ule, na chini yake wamening'iniza kitanda cha mabomba kinachovutwa kwa winchi, ile mashine ya kukunja kamba. Tayari watu wanakiita Bembea. Barabara ya kuzunguka ipo, lakini ni safari ya kutwa kucha na imejaa matope, kwa hiyo wagonjwa wetu wa rufaa watavukishwa hapo. Gari letu litawafikisha ukingoni, gari la ng'ambo litawapokea.

Mume wangu ndiye gari la ng'ambo.

Nilimwendea nyapara wao. Ni mtu mfupi, mnene, mwenye sauti ya tarumbeta. Nikatanguliza adabu zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nina mume ng'ambo."

"Kila mtu ana mtu wake ng'ambo, binti. Bembea inabeba mgonjwa mmoja na kijana wangu mmoja, basi. Wewe ukivunjika mguu, njoo, nitakuvusha kwa heshima zote."

Vijana wake wakacheka. Nimemchukia papo hapo.

9 Aprili

Leo tumevusha wa kwanza. Mpasua mawe wa machimbo, kaporomokewa na jiwe, mbavu za kushoto zimevunjika kadhaa. Kutoka hospitali hadi mtoni barabara ni shimo, jiwe, shimo. Kila shimo alitoa sauti ambayo bado iko masikioni mwangu. Ile dawa kali ya maumivu nilikuwa nayo mkononi, lakini naogopa kuizidisha, maana inapunguza pumzi, na mwenye mbavu zilizovunjika pumzi ndiyo mtaji wake wote. Alikuwa anavuta hewa kidogo kidogo kama ndege aliyeshikwa. Akitaka kukohoa, anauma shuka. Hakukohoa hata mara moja. Tulipomfunga kwenye Bembea alinishika kiganja akasema, "Nesi, niue tu." Halafu winchi ikaanza kulia, akaondoka juu ya maji mekundu.

Ndipo nikainua macho. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya gari, amevaa koti la mvua la bluu. Akainua mkono. Mto ulikuwa unanguruma, nisingeweza kusikia hata radi, lakini nilimwona akifungua mdomo. Jina langu lina silabi tatu. Naapa niliziona zote.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amekonda?"

"Mama, ni mbali. Nimeona koti."

"Koti linamkaaje?"

Nikasema ukweli, kwamba linapwaya kidogo. Mama wa watu hakula.

10 Aprili

Nimejifunza. Leo asubuhi nimemwambia nilikumbuka vibaya, koti lilikuwa limembana.

12 Aprili

Daktari wetu mpya, binti aliyemaliza masomo juzi tu, ameniita ofisini. Amepata habari kutoka ng'ambo: mpasua mawe alifika na midomo ya bluu, makohozi yamejaa kifuani kwa sababu ya kuogopa kukohoa. Anaendelea, lakini kwa tabu.

"Dada, tuwachome ganzi ya mbavu kabla hawajapanda gari," akasema.

Akanichorea. Sindano inaingia ubavuni, chini ya kwapa, mgonjwa akiwa amelala chali vilevile alivyo. Dawa inamwagwa kati ya nyama na mfupa, inasambaa yenyewe kama maji chini ya mkeka. Mishipa ya fahamu ya mbavu inalala. Mtu mwenyewe halali. Anapumua, anakohoa, anaongea. Na tunaona njia yote kwa ile mashine ndogo ya kutazamia watoto tumboni.

Nikauliza, "Na sindano ikipitiliza?"

"Inatoboa pafu," akajibu, bila kuzungukazunguka.

Nimetoka nimenuna. Mimi nimelaza watu na kuwaamsha miaka mingi, leo nifundishwe kuchoma mbavu na mtoto anayeniita dada? Mbavu zenyewe zinapanda na kushuka, hazitulii. Shughulika nazo wewe.

16 Aprili

Bibi mmoja kagongwa na pikipiki akitoka sokoni. Ubavu wa kulia wote uchungu mtupu, hata kumgusa shuka hataki. Daktari alimchoma ganzi huku mimi nimeshika mashine. Nilitazama kwenye kioo: nyama nyeupe-nyeupe, mfupa kama ukingo wa sahani, na chini yake pafu likiteleza huko na huku. Sindano ikaja polepole, ikatua juu ya ubavu, ikasimama. Dawa ikaingia kama wingu jeusi linalofunguka.

"Bibi, masikio yanalia?" daktari akauliza. "Ulimi una ladha ya chuma?" Hizo ndizo dalili kwamba dawa imekimbilia kwenye damu.

"Ulimi una ladha ya njaa," bibi akasema.

Tukangoja. Baadaye daktari akamwambia, "Kohoa." Bibi akamtazama kama aliyeambiwa aruke ghorofani. Akakohoa kidogo. Akatulia, akajisikiliza. Akakohoa tena, kwa nguvu, kisha akaanza kulia, si kwa maumivu.

Njia nzima hadi mtoni ilikuwa hadithi. Alinisimulia wajukuu, majirani, pikipiki na ukoo wa mwenye pikipiki. Nilipomtania akanikemea, "Usinivunje mbavu na wewe, zimeshavunjwa!" Dereva wetu alikuwa anageuka nyuma kila mara. Amezoea kuendesha huku amekunja mabega kwa sababu ya vilio. Leo mabega yake yalikuwa chini.

Ng'ambo, koti la bluu. Mkono juu.

"Umemwona?" mama mkwe akauliza.

"Nimemwona. Amenyoa ndevu."

Kutoka ukingoni pale ndevu hazionekani.

17 Aprili

Nimekwenda kwa daktari nikamwambia, "Nifundishe." Hakuringa. Alisogeza kiti.

22 Aprili

Sindano yangu ya kwanza, mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa. Daktari alisimama nyuma yangu, hakunigusa mkono. Nilikuwa natoka jasho hadi kwenye kope. "Usiitafute sindano kwa mkono," akasema taratibu, "itafute kwa macho." Nilipoiona ncha imekaa juu ya ubavu nikasahau kupumua. Mwashi ndiye aliyenikumbusha: "Nesi, mbona wewe ndiye unayeguna?"

Baadaye tulikunywa chai mimi na daktari. Kumbe naye ana mama mgonjwa, mbali sana huko kwao. Anaweka simu dirishani, pale ambapo mtandao hupita kama mgeni, na kila wodi ikitulia anakwenda kuitazama. Nilidhani ni ujana. Kumbe ni hamu, kama yangu.

26 Aprili

Mvua. Hakuna aliyeumia.

29 Aprili

Hakuna aliyeumia.

1 Mei

Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe.

Niandike na lile jingine? Asubuhi simu ya wodini ilipolia niliruka. Moyo ulikwenda mbio kabla sijajua ni nini, na niliporuka sikuruka kwa hofu, niliruka kwa furaha. Alikuwa mtu wa stoo anauliza pamba. Nikakaa kitini nikajiona jinsi nilivyo: nesi mzima, nangoja mbavu za mtu zivunjike ili nimwone mume wangu ng'ambo ya mto. Hata mama mkwe, jioni, baada ya kuniuliza "Leo hakuna safari?" aliinamisha uso haraka akasema, "Alhamdulillah." Sote wawili tulijua alichokuwa anangoja.

Tukala. Halafu akanimegea nyama ya sahani yake, akaiweka kwenye yangu. Hajawahi.

4 Mei

Dereva wa lori, usukani umemkandamiza kifua. Nilimchoma mwenyewe, akavuka akipiga soga na kijana wa Bembea.

Mume wangu hakushuka garini. Niliona kivuli tu nyuma ya kioo. Nikainua mkono. Hakuinua.

Nimemwambia mama mkwe amevaa shati jeupe, anapendeza.

5 Mei

Simu imeshika! Tukaongea labda dakika mbili. Aliniuliza habari za mama, paa na mguu wa mama. Nikamwuliza habari za kazi. "Kazi zipo." Sikumwuliza kwa nini hakushuka. Mwanamke ana heshima yake. Halafu simu ikakata, heshima yangu nikabaki nayo mwenyewe, haina hata joto.

9 Mei

Mgonjwa mwingine, na tena hakushuka. Gari lilisimama pale, taa zinazunguka, yeye ndani. Nesi wa ng'ambo ndiye aliyeshuka akampokea mgonjwa, akanipungia. Sina haja ya kupungiwa na nesi.

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Labda mke wa mbali naye hapashi moto nyumba. Labda amezoea. Watu huzoea. Mimi mwenyewe juzi nilijaribu kukumbuka sauti yake akiwa anacheka, ikanijia ya redio.

Nyumbani mama mkwe aliniuliza kama kawaida, nikaanza kumtungia: vifungo vya shati, ndevu, afya.

"Mwanangu," akanikatiza. "Kutoka pale ukingoni huwezi kuona vifungo. Nilishafika pale, najua. Unanidanganya tangu mwezi uliopita, na mimi naula uongo wako kwa raha zote. Leo umeusema vibaya. Kuna nini?"

Nikalia. Akanisogelea na mguu wake mbovu, akakaa pembeni yangu. Alinifumua nywele, akazisuka upya, akivuta kwa nguvu kama ananiadhibu.

13 Mei

Nina mengi, na vidole vinauma.

Mto ulileta gogo jingine asubuhi. Liligonga nguzo inayoshikilia winchi upande wetu, nguzo ikamwangukia nyapara. Vijana wake wakamleta juu ya mlango waliong'oa kibandani. Yule mwenye sauti ya tarumbeta alikuwa ananong'ona. Kila akivuta pumzi, kipande cha ubavu wake wa kulia kilizama ndani wakati kifua kilichobaki kinapanda.

Daktari alimsikiliza, akasema hewa imevuja nje ya pafu. Akamtoboa, akaweka mrija wa mpira, ukaunganishwa na chupa yenye maji. Viputo vikatoka, midomo ikaanza kurudia rangi yake. Lakini anahitaji hospitali kubwa, leo hii. Papo hapo wakamwita daktari chumba cha upasuaji, mama mjamzito, mtoto amekwama. Mwenzangu wa usingizi alikuwa ameshatangulia huko.

Daktari akaniwekea mashine mkononi. "Dada, mchome wewe. Na usimwache. Chupa ikiinuka juu ya kifua maji yatarudi ndani, ikipinduka hewa itarudi. Vuka naye."

"Nyapara havushi manesi."

"Nyapara ndiye mgonjwa," akasema, akakimbia.

Tulibaki mimi na yeye. Ubavu wake ulikuwa umevimba, picha imejaa ukungu wa hewa, mfupa unaonekana na kupotea. Nilingoja. Niliitafuta kwa macho. Nikaupumzisha mkono kwenye godoro, nikaanza upya. Ncha ikaja, ikagusa ubavu mzima chini ya ule uliovunjika, ikasimama. Nikasukuma dawa kidogo kidogo, namwuliza masikio, namwuliza ulimi. Anatikisa kichwa. Tukangoja, nikihesabu viputo kwa kukosa cha kuhesabu.

"Mzee, kohoa."

Akanitazama kwa chuki ile niliyokuwa nayo mimi kwake. Akakohoa. Viputo vikapanda kwenye chupa kama chungu kinachochemka. Macho yakamtoka. Akakohoa tena, akavuta hewa hadi chini, ile sauti ya tarumbeta ikarudi nusu:

"Ala! Kumbe!"

Ukingoni vijana walikuwa wamesimika winchi ya akiba. Waliponiona napanda, mmoja akasema, "Mzee, sheria..."

"Sheria aliitunga nani?" nyapara akauliza akiwa amelala. "Mpandisheni nesi. Na mkimtikisa, nikirudi mtanitambua."

Nilipiga magoti kando yake, nimeikumbatia chupa chini ya usawa wa kifua chake. Winchi ikalia. Maji yalikuwa chini yetu, mekundu, yanakwenda kwa hasira. Sikuyatazama, nilitazama viputo. Nilipoinua macho ukingo wa pili ulikuwa hapa, karibu, una nyasi na mawe ya kweli, na gari, na ndani ya gari mume wangu.

Hakushuka! Alikuwa peke yake, nesi wao ametumwa kwingine. Vijana wa upande ule ndio waliotuingiza nyuma. Nikajipanga, chupa sakafuni, mkono mmoja kwenye mshipa wa mgonjwa. Kati ya nyuma na mbele kuna kidirisha. Kikafunguka. Nikaona macho yake kwenye kioo cha dereva.

"Bibie," akasema.

Nilikuwa na maneno ya wiki nyingi, nikatoa lile la hasira. "Hata leo huwezi kushuka?"

"Breki ya mkono imekufa tangu mwanzo wa mwezi. Pale ni mteremko wa tope. Nikiinua mguu, gari linaingia mtoni na wagonjwa wenu. Ulikuwa hujui?"

"Ningejuaje?"

"Nilikuwa nawasha taa za ndani ili unione. Nawasha, nazima, nawasha. Nikasema huyu mwanamke amenisusa, hata haitiki."

Nilikuwa nacheka na machozi yananidondoka kwenye chupa.

"Mimi ninakufa hapa," nyapara akasema, "lakini endeleeni tu."

"Samahani mzee," tukasema wote wawili.

"Mapenzi na kikohozi havifichiki. Mimi nimeshakohoa. Zamu yenu."

Basi njia nzima tukaongea. Gari la mgonjwa wa mbavu, ambalo zamani lilikuwa gari la vilio, leo lilikuwa na nafasi ya maneno. Alinieleza chumba cha madereva, godoro linalonuka dizeli, jinsi anavyokwenda mtoni hata siku isiyo na mgonjwa, anatazama upande wetu, anarudi. Nilimweleza mama yake na vifungo vya shati. Kwenye kioo nikaona amejifuta uso kwa kiwiko. Aliendesha polepole penye mashimo, na kila shimo nyapara alisema, "Hili nalijua, nitalifukia mwenyewe."

Tulipofika walimpokea haraka. Nikatoka nje mikono mitupu. Mume wangu alishuka, mara ya kwanza, akanikuta kwenye baraza ya mapokezi. Amekonda. Koti linapwaya kweli. Hatukukumbatiana, watu walikuwa wengi. Alinishika kiwiko, akakiminya, hakukiachia. Kisha simu ya mapokezi ikalia, ajali nyingine, upande wa mbali. Akavua koti lake, akanivalisha, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni kama anayefunga mtoto wa shule. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Msalimie mama," akasema.

Akaondoka mbio. Nilirudishwa na gari jingine, nikavuka peke yangu jua likiwa bado lipo, nimejaa harufu yake.

"Umemwona?" mama mkwe akauliza. Safari hii nilimwambia kila kitu, hata kukonda. Alilishika koti muda mrefu. Halafu akasema, "Mama mjamzito amejifungua salama, daktari amepita kukuambia. Mtoto wa kike."

14 Mei

Nimelala kutwa.

21 Mei

Nyapara anaendelea vizuri, anagombana na manesi. Mvua zimepungua. Naibu wake havushi mtu asiyeumia hata kwa machozi, amefunzwa na bwana wake.

Nilidhani nikishamwona nitashiba. Ni kinyume. Kabla ya hapo nilikuwa namkosa mtu wa ng'ambo; sasa nakosa mkono uliokuwa kwenye kiwiko changu. Napajua mahali penyewe.

27 Mei

Simu ya daktari iliita kule dirishani, tukakimbia sote. Mama yake amepata nafuu. Tuliruka wodini kama watoto, wagonjwa wakatupigia makofi bila kujua wanashangilia nini.

3 Juni

Vyuma vya daraja vimefika. Jua.

11 Juni

Leo daraja la chuma limefunguliwa. Mimi na mama mkwe tulikuwa pale tangu asubuhi, yeye amekalia ndoo, nimemshikia mwavuli wa jua. Gari la kwanza kuvuka lilikuwa ambulensi, taa zinazunguka, king'ora kinalia. Alikuwa yeye. Alipita umbali wa kunyoosha mkono, nikamwona uso mzima, akatuona, akainua kidole kimoja kwenye usukani. Hakusimama.

"Amepita!" mama mkwe akasema. "Amempita mama yake!"

"Amekwenda kuchukua mgonjwa, mama."

"Najua. Nimemlea mwenyewe, unadhani sijui?" Lakini alikuwa anafuta macho.

Baadaye akapita tena kurudi, safari hii polepole, na hakuna kilio kilichotoka nyuma. Nilijua daktari wetu alishamaliza kazi yake. Tukarudi nyumbani, tukapika, tukafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Amekuja jua likielekea kuzama, kwa baiskeli ya kuazima, tope hadi magotini. Mama yake alimzunguka kama anayenunua ng'ombe, akamshika mashavu, mabega, akamkemea kwa kukonda, akamlisha mpaka akaomba radhi. Mimi nilikaa kando ya mlango, sijui niweke wapi mikono, kama bi harusi wa jana. Kila nikiinua macho, yake yalikuwa yameshafika.

Mama mkwe akamaliza chai. Akachukua mkeka wake na mto wake, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, mama?" mume wangu akauliza.

"Kwa jirani. Nalala huko leo. Mguu huu unanisumbua, siwezi kutembea usiku kurudi."

Jirani na sisi tumetenganishwa na ukuta mmoja.